Maksai Waliojua Kisukuma Tu

Nakumbuka siku moja mvua za kwanza ziliponyesha Usangu, mwanangu, nami nikapita na maksai wangu wawili na plau, kifua mbele utadhani mkuu wa wilaya. Nilikuwa kijana, nimehamia huku kutoka Shinyanga na mke wangu Kabula na watoto wetu wawili. Majirani walitupa shamba la mpunga karibu na Rujewa. Wao walilima kwa jembe la mkono, na kila aliyeniomba nimfundishe kulima kwa maksai nilimcheka: "Hawa wanajua Kisukuma tu!" Kumbe nilikuwa naogopa. Wote wakijua, mgeni mimi nitabaki na nini?

Ndipo vita vya Kagera vikazuka, mgambo tukaitwa. Nilikuwa naimba nikifunga mzigo, Mzee Yohana, jirani yangu Msangu, alipokuja akakaa juu ya kinu.

"We Msukuma, unakwenda vitani. Nani atalima?"

"Kabula, baba."

"Hata plau hujamshikisha! Na ndugu zako wako Shinyanga. Watoto watakula hizo nyimbo?" Akatikisa kichwa. "Tulikupokea tukisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mwanangu, tutapona lini?"

Yaliniingia. Shamba lisipolimwa, wanangu wangekufa njaa. Kulipokucha nikamshikisha Kabula plau, na Mzee Yohana nikamfundisha kuwaongoza maksai: kuwaita, kuwageuza, na wakimaliza mstari kuwashukuru, "Wabeja!" Ulimi wake ulikuwa mzito, maksai wakasimama wakimtazama. Kabula alicheka hadi akakaa kwenye tope. Lori liliponichukua, bado walikuwa wanalima mistari iliyopinda kama nyoka.

Vita si ngoma, mwanangu. Niliogopa, na kuna wenzangu niliowafukia kwa mikono hii, Mungu awarehemu. Lakini kuchimba handaki nilijua, mkulima hafundishwi udongo. Rafiki yangu Mhehe wa Iringa aliniuliza handakini, "Unamuwaza nani, mkeo?" Nikamjibu, "Maksai." Alicheka mpaka koplo akatufokea.

Nilirudi mvua zikianza tena. Nilishuka barabara kuu, nikatembea kwa miguu, roho juu, sijui nitakuta nini. Kabla sijaona nyumba nikasikia Kisukuma kinapigwa kelele shambani, Kisukuma cha ajabu, kizito. "Wabeja! Wabeja!" Alikuwa Mzee Yohana, na Kabula kashika plau, mistari imenyooka. Ghalani mpunga waliouvuna nikiwa vitani ulikuwa bado upo.

Nikawaita maksai wangu kwa sauti ile ile ya zamani. Hawakugeuza hata sikio. Wakanipita.

"Ngoja kwanza, mgeni," Mzee Yohana akasema, "wamezoea lafudhi yangu." Nililia na kucheka papo hapo, nikamkumbatia na tope lake. Tangu siku ile hakuna aliyeniita mgeni tena, isipokuwa yeye, kwa utani.

Basi sikia, mwanangu. Ujuzi ulio nao ugawe ungali nyumbani, usingoje lori la kukuchukua. Ukihamia kwa watu, usitafute heshima kwa kuwanyima. Wape, nao watakuwa ndugu wa kukulimia usipokuwepo. Nenda, Mungu akupe mvua ya kutosha na majirani wenye kelele. Wabeja, mwanangu.