Mwanya Chini ya Mabati

Juzi nilienda Kawangware kutafuta nyumba ya kupanga. Keateka, yule mtunza ploti, alifungua dirisha la chumba, nikaona ukuta wa ploti jirani, karibu mno hata mkono haungenyooka. "Hapa mwizi hawezi ingia," akajisifu. Nilikumbuka chumba cha nyanya yangu kule Kianda, Kibera, nilikokulia.

Kilikuwa cha udongo na mabati, lakini hakikuwa na joto. Nyanya alitoboa tundu chini, kando ya mlango, na ukuta wa pili akauachia mwanya wa upana wa kiganja chini ya mabati. "Hewa inaingia hapa chini, joto inatokea hapo juu," alipenda kusema. "Nyumba pia inapumua." Mchana wa Januari nililala sakafuni, upepo ukinipita usoni na harufu ya githeri inayochemka.

Ila mwanya ule niliuogopa jamani! Jirani yetu, mama muuza samaki, aliibiwa shuka kwa waya uliopitishwa kwenye mwanya kama huo. Nilikuwa na hakika siku moja waya utanishika shingo. Basi alasiri moja, nyanya akiwa ameenda kuteka maji, nilipanda juu ya kitanda nikauziba kwa gunia na matambara.

Mvua ikaja. Nyanya akarudi mbio, akaingiza jiko la makaa ndani, akafunga mlango, na tundu la chini akaliwekea ubao kuzuia maji, kama kawaida yake. Alivyojua yeye, juu pako wazi.

Kwanza kichwa kiliniuma. Kisha mwiko ukamponyoka nyanya ukaanguka, naye akaufuata sakafuni. Nilimwita, hakuitika. Nilitambaa hadi mlangoni, nikavuta komeo, nikapiga mayowe. Mama muuza samaki akamburuta hadi nje kwenye matope.

"Nani ameziba huku juu? Mnataka kufa na sumu ya makaa?" akafoka akichungulia ndani.

Nyanya alipofumbua macho alinitazama mimi, wala hakuuliza. Kesho yake alininyanyua, nikalitoa gunia mwenyewe.

Nyanya hayupo tena, na pale Kianda pamejengwa ghorofa, vyumba vimebanana kama hivi vya Kawangware. Nilimrudishia keateka ufunguo wa kile chumba; sikukitaka. Kwenye korido, nyuma ya mlango uliofungwa, nilisikia harufu ya makaa na mtoto akikohoa. Nikabisha.

"Ni nani?"

"Hunijui, mama," nikasema. "Fungua tu mlango, tafadhali. Uache wazi."