Tiketi Mbili za Safari Moja

Pale ofisini walimwita Bi Herufi, na jina likamganda. Alikuwa muuza tiketi za ndege katika chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la miwani na fundi simu: meza mbili, feni inayolia, na ukutani picha ya ndege iliyopauka kwa jua. Nusu ya maisha yake aliitumia kuwaelewesha watu jambo ambalo hakuna anayetaka kulielewa, kwamba kiti cha ndege hakina bei, kina herufi, na kila herufi ina bei yake. Watu wawili wanakaa bega kwa bega, wanakula chakula kilekile, wanapiga miayo pamoja, na mmoja kalipa mara tatu ya mwenzake kwa sababu herufi za bei nafuu ziliisha wakati yeye anajikuna kichwa. Usiniulize nani alibuni mambo haya. Aliyeyabuni hakuwa na ndugu wa mbali.

"Dada, si kiti ni kilekile?" wateja walimuuliza.

"Kiti ni kilekile, baba. Herufi siyo ile."

Penye mashirika mawili ndipo watu walipotoka jasho. Kama safari inaanza na ndege ya shirika moja na kumalizia na ya shirika jingine, na mashirika hayo hayana mapatano yao ya bei nafuu, kinachobaki ni nauli ya jumla, ile ambayo mashirika mengi yamekubali kupokeana abiria kwayo. Nauli hiyo haitaki herufi za chini. Inataka ile ya juu, ya bei kamili, kwenye ndege zote mbili, na ughali wake unatia kizunguzungu. Lakini tiketi inakuwa moja, na ndege ya kwanza ikichelewa, ni juu yao kukufikisha. Wajanja hununua tiketi mbili za herufi za chini, kila moja peke yake, na kujiunganishia wenyewe. Bi Herufi aliwaona wajanja hao wakirudi ofisini, wengine wakilia waziwazi mbele za watu.

Jioni alimsimulia mama yake visa hivyo huku wakikunja nguo. Mama alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake, na tiketi hakuwahi kuishika, ila hadithi za walioachwa na ndege alizipenda.

"Kumbe ni mshono tu," alisema siku moja. "Ikishonwa, ukivuta kipande hiki na kile kinafuata. Isiposhonwa, kila kipande na lake."

Kisha mama akaugua ini. Daktari alizungumza na Bi Herufi kando ya mlango, sauti chini, akamwambia kama kuna wa kuitwa basi aitwe sasa. Wa kuitwa alikuwa mmoja: mdogo wake, kitinda mimba, aliyekuwa ng'ambo akilea watoto wa watu na hajarudi tangu aondoke. Mama hakuomba kingine. "Nimwone mwanangu, basi," alisema, na kila asubuhi alisema hivyohivyo.

Bi Herufi akakaa mbele ya kompyuta. Ndege ya kwanza, herufi ya chini ipo. Ya pili, ile ndege ndogo inayokuja mara chache kwa wiki, ya chini ipo pia. Nauli ya jumla ilikuwepo, kama kawaida yake, ikimkodolea macho. Akiba yake haikuifikia hata ukiongeza alichoweza kuazima. Kaka yao, aliyeishi mji uleule, alipopigiwa simu alitoa ushauri badala ya mchango: "Si wewe ndiye mtaalamu? Tafuta njia." Ilibaki kumpigia magoti meneja wa ofisi yao ampe kwa mkopo, lakini aliwahi kumsikia meneja akimfokea msichana wa usafi kwa ombi kama hilo, wateja wakisikiliza, na aibu ikamshinda.

Basi akatafuta njia. Aliupima muda kati ya ndege mbili akauona mpana, mtu angeweza kufua, kuanika na kuanua. Akamwambia mdogo wake asibebe begi kubwa, mkoba wa mkononi tu, asije akalazimika kutoka uwanjani kulifuata na viza hana. Kisha akakata tiketi, moja, halafu nyingine. Alijua vizuri anachokifanya na akajitia hamnazo.

Ndege ya kwanza iliharibika tairi kabla ya kuondoka. Mdogo wake alipopiga simu alikuwa uwanja wa katikati, njia nusu.

"Dada, ile ya pili imeshaondoka. Nimewaonyesha karatasi zote mbili. Hawa wa kwanza wanasema wamenifikisha, kazi yao imeisha. Hawa wa pili wanasema sikutokea, tiketi imekufa. Kila mtu ananiambia simhusu."

"Umewaambia mama anaumwa?"

"Nimewaambia. Yule kaka wa kaunta kanipa pole. Halafu kamwita anayefuata."

Bi Herufi alitazama ndege inayofuata. Herufi zote zilisoma sifuri, hakuna kiti, kuanzia ya juu mpaka ya mwisho. Iliyofuata hiyo, ya wiki nyingine, ilikuwa na nafasi kwa bei kamili. Akainuka, akaenda kwenye meza ya meneja, akapiga magoti kwelikweli, sakafuni.

Meneja alishtuka, akamwinua. "Mkopo tu? Chukua. Kwa nini hukusema mapema?"

Bi Herufi akakata tiketi hiyo ya wiki nyingine, akarudi nyumbani. Kitanda cha mama kilikuwa kimehamishiwa sebuleni, kikaelekezwa mlangoni. Alikuwa ameomba aogeshwe na avalishwe gauni alilojishonea mwenyewe.

"Kafika wapi?"

"Yuko njiani, mama. Ndege imechelewa kidogo."

Mama akamtazama usoni. Mwili uliisha, akili ilikuwa palepale.

"Ulimkatia tiketi moja, au mbili?"

 Miaka yote ya kukunja nguo ilimrudia Bi Herufi.

"Moja, mama."

"Umeshona."

"Nimeshona."

"Basi watamleta tu." Uso wake ukakunjuka. Bi Herufi alipoleta chupa ya dawa ya maumivu, ile inayomlaza, mama aliisukuma. "Leo sinywi. Asije akaingia akanikuta nimelala."

Bi Herufi akasimama na chupa mkononi. Kumwambia anywe kungekuwa kumwambia kwamba mtoto hafiki leo. Akairudisha kabatini.

Mama akasubiri hivyo, macho wazi, shuka ameiuma kwa meno, jioni ile yote na asubuhi yake. Kila viatu vilipopita nje alimgeukia Bi Herufi na kumuuliza kwa macho, na kila mara Bi Herufi alimwambia bado kidogo. Ilipofika mchana aliacha kuuliza, na Bi Herufi akamfumba macho.