Yule Mama Aliyeomba Uji Kwanza

Sakafu ikipakwa samadi mbichi, hadi leo namkumbuka yule mama wa Kenyamonta aliyeitwa kusafisha nyumba zilizoshinda watu. Mikono yake ilinuka majivu, na kila alikokwenda aliomba kwanza kitu cha kunywa. Bibi yangu alikuwa akilala chumba kimoja na mbuzi wake tangu babu afe, akimfukuza kila aliyekuja na ufagio, mpaka wajomba wakasema nyumba ichomwe. Yule mama alipoitwa, aliuacha ufagio wake nje, akaingia, akaketi papo hapo penye mavi ya mbuzi.

“Shikamoo mama. Nina kiu.”

Bibi akampa uji kwenye kibuyu chenye ukungu. Akaunywa wote, taratibu.

“Uji wako mtamu, mama.”

Bibi alimtazama sana.

“Haya, mwanangu. Anza na hao mbuzi.”