Aliyeniitikia Kanisani

Mimi nilibatizwa, mdogo wangu hakubatizwa, na chanzo chake ni mbuzi. Baba alitaka ubatizo wa binti yake wa pili uwe na karamu, kijiji chetu kizima cha Magamba kishibe, kwa hiyo akauahirisha mpaka mbuzi anenepe. Mbuzi alinenepa. Wakati huo baba alishazikwa, na mama yetu akamfuata kabla ya mavuno. Nyama ile tuliilia matangani. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Siku ya kuanua matanga, ndugu wa baba walikaa uani kuamua sisi watoto twende wapi. Baba mdogo, aliyekuwa amehamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani mpaka upande wa Sitalike, alisema atatuchukua wote wawili. Ndipo akasimama mama yangu wa ubatizo, mjane mkulima aliyezaliwa Burundi, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale.

"Wazee wangu," alisema, "padri aliniuliza kama niko tayari kuwasaidia wazazi wa huyu mkubwa. Nikaitika, Mungu akasikia. Sasa wazazi hawapo. Mtoto ni wangu."

Baba mdogo alifikiri sana. Hakuwa mtu wa kanisa, lakini hakutaka kugombana na Mungu wa kaka yake.

"Na huyu mdogo, nyie mlimwitikia?"

Nilimbana mdogo wangu mkono. Nilikuwa naomba mama wa ubatizo aseme ndiyo. Hakuna hata mmoja kati ya wale wazee aliyewahi kuingia kanisani kwetu kuona nani aliitikia nini.

Mama wa ubatizo alitazama chini. "Hapana," akasema. "Huyo bado. Ila nawaomba mnipe."

"Basi chukua wako," alisema baba mdogo, bila ukali. Mkewe hakuwa amejaliwa mtoto. Alimwinua mdogo wangu, akamfunga mgongoni kwa kanga. Mdogo alinipungia mkono, akidhani tutaonana jioni.

Kwa yule mjane nilipata kitanda na shule, na nikaanza kumwita mama. Yeye aliniita "mwana wanje," yaani mwanangu kwa Kirundi, kama aliyenizaa. Jioni alishona gauni jeupe dogo, maana baba mdogo alikubali mdogo wangu abatizwe Pasaka. Mvua zikaikata barabara ya Sitalike, tukakaa bila habari. Ilipopitika, mke wa baba mdogo alikuja kwa miguu kutuambia kwamba malaria ilimchukua mtoto, na kaburi lilishaota majani. Alilia mpaka akashindwa kusimama.

Mama hakulia mbele yake. Mgeni alipoondoka, alikaa na lile gauni magotini.

"Nani angejua?" alisema. "Ningesema tu nimewaitikia wawili."

Nilitaka kumwambia kwamba hakukosea. Nilishindwa, kwa sababu hata mimi nilitamani angedanganya.

Tangu hapo, kila padri alipowauliza wazazi wa ubatizo kama wako tayari, mama aliitika kutoka benchi la nyuma, kwa sauti, kwa ajili ya watoto asiowajua. Watu waligeuka, wengine walicheka. Mimi niliona aibu, nikawa nainamisha kichwa. Nilipokua kidogo, nikaanza kuitika naye.