Wiki Ambayo Bi Nusu Alimwaga Yote

Pale maabara hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bi Nusu, na jina hilo alilipata kwa jasho lake, maana kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akiwapigia watu kelele kuhusu nusu. Wanafunzi wapya wanaingia na makoti meupe yaliyopigwa pasi, vifua mbele, na kabla hawajagusa chupa hata moja yeye ameshawasimamisha mlangoni. "Unatoa maji nusu, unatia nusu. Anayetaka kumwaga yote akafue nguo."

Ngoja nikueleze, usije ukadhani mama wa watu alikuwa na gubu tu. Kazi yake ilikuwa kulea seli za uboho, ule ute mwekundu wa ndani ya mifupa ambamo damu yetu inatengenezwa. Uboho huo ulitoka kwa watu waliojitolea, ukawekwa kwenye chupa bapa za plastiki, ndani ya kabati lenye joto kama la mwili. Sasa, si kila seli ya humo hugeuka damu. Kuna zile zinazojitandaza chini ya chupa na kung'ang'ania hapo. Bi Nusu aliziita walezi. Walezi hawageuki damu hata ukiwasubiri mwaka, lakini bila wao damu haitengenezwi, kwa sababu wanatoa protini, na kila protini ni ujumbe kwa seli changa. Moja inasema amka, gawanyika. Nyingine inasema usiende mbali. Nyingine inasema tulia, pumzika kwanza. Ujumbe wote huo unaelea kwenye maji ya lishe. Kila Ijumaa maji hayo hubadilishwa, lakini nusu tu. "Ukimwaga yote umemwaga na maneno ya walezi," alikuwa akisema. "Watoto watabaki wanashangaa."

Basi Ijumaa moja asubuhi, kabla hajavaa glavu, simu ikaita. Ni mkwewe. "Mama, tumepata mtoto. Wa kike. Wote wazima."

Weee. Miaka saba binti yake amesubiri mtoto huyo. Bi Nusu alicheza ukumbini peke yake, akamwambia mlinzi, akamwambia mfagizi, nusura aiambie na friji. Kisha akakaa kazini, meno yote nje, mbele yake chupa nane za Daktari.

Daktari huyo alikuwa binti wa miaka thelathini na moja, mpole, mwenye tabia ya kutafuna kofia za kalamu. Kwa miaka miwili alikuwa anatafuta kwa nini seli zake changa zinazubaa, hazigawanyiki vya kutosha. Mkuu wa maabara alikwishamwambia bila kumumunya maneno: Ijumaa ijayo nakuja kuangalia, na kama hakuna cha maana, utafiti unafungwa. Chupa nane ndizo zilizobaki. Uboho mwingine haukuwepo.

Mikono ya Bi Nusu ikafanya kazi, kichwa kikachagua nguo za mtoto. Inamisha chupa, fyonza, mwaga kwenye ndoo yenye dawa ya kuua vijidudu, tia maji mapya. Aliponyanyua chupa ya saba akatupia jicho zile sita alizokwisha kumaliza. Zilikuwa na rangi ya waridi tupu, ya maji mapya kabisa. Ukibakiza nusu ya zamani, rangi huwa imefifia kidogo kuelekea njano. Akatazama ndoo. Akatazama chupa. Alikuwa amemwaga yote, chupa sita, na ndani ya ile dawa hakikuokoleka kitu.

Zile mbili za mwisho alizibadilisha nusu. Halafu akajikaza kisabuni akaenda kugonga mlango wa Daktari.

"Mwanangu, nimekuharibia," alisema. "Chupa sita. Nimemwaga maji yote."

Daktari alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Wewe, mama? Wewe?"

"Mimi."

Daktari akaitoa kalamu mdomoni, akasema, "Ungenyamaza nisingejua."

"Ungejilaumu wewe wiki nzima. Mimi ningekuwa pembeni nakunywa chai. Hapana."

Daktari hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alikwenda kuziangalia kwenye hadubini. Walezi walikuwepo bado, wameshika chini, na seli chache zilizojificha chini yao zilikuwepo. Zilizokuwa zikielea zote zimekwenda na maji. "Tusubiri," alisema, kisha akainama tena kwenye hadubini ili asionekane uso.

Nyumbani mumewe, fundi cherehani, alimsikiliza mpaka mwisho huku anatunga uzi. "Yaani wewe," alisema, "uliyenikataza hata kumwaga maji ya mchele yote kwa mara moja?" Bi Nusu akamtupia mto. Mzee akacheka hadi sindano ikamponyoka, na yeye naye kicheko kikamtoka bila kutaka. Kilimsaidia.

Jumamosi alikwenda kazini ingawa si zamu yake. Chupa zimekaa kama zilivyo. Jumapili alipanda basi la alfajiri, safari ya saa nne nzima, akamkuta binti yake amechoka ila anang'aa, akapewa kifurushi chekundu kinachopiga miayo. Bi Nusu alimshika mjukuu wake, akamminya kidole kidogo cha mguu, akafikiri: humu ndani ya mifupa yako, mama wee, wapo walezi wanaotuma ujumbe sasa hivi, amka, gawanyika, tulia, na hakuna mtu wa kuja kuwamwagia maneno yao. Akalia kwa furaha mpaka mkwewe akamletea kitambaa. Alasiri akarudi. Binti yake hakuelewa mama gani anakimbilia chupa, na alimwambia hivyo wazi.

Jumatatu maji ya zile sita yalianza kugeuka njano. Seli zinazoishi huchachusha maji, na maji yakichacha hubadilika rangi. Kwa hiyo hazijafa. Jumatano Daktari alimwita kwa sauti ndogo: "Mama, njoo uangalie hapa, niambie kama ni macho yangu."

Seli changa zinapofanya kazi hujipanga chini ya walezi, zimebanana kama vigae sakafuni. Kila chupa ilizoea kuwa na vikundi kumi na viwili, kumi na tano ikijitahidi. Walihesabu kila mmoja kivyake. Bi Nusu akapata thelathini na nane. Daktari thelathini na tisa. Wakahamia chupa ya pili, ya tatu, hadi ya sita: zote zimefurika. Zile mbili zilizobadilishwa nusu? Kumi na tatu na kumi na moja.

"Ule ujumbe wa tulia," Daktari alisema polepole. "Ulikuwa umejaa kupita kiasi. Kila wiki tulikuwa tunawabakizia watoto. Ulipomwaga, walezi wakaanza upya, na kwanza wakasema amka."

"Au bahati," alisema Bi Nusu.

"Au bahati."

Ijumaa Mkuu wa maabara alifika, mtu mfupi asiyependa salamu ndefu. Aliinama kwenye hadubini chupa baada ya chupa, akazirudia mbili, akasoma karatasi ya hesabu. Daktari alisimama ukutani, kofia ya kalamu imekwisha mdomoni. Bi Nusu alikuwa karibu na mlango, yuko tayari kwa lolote.

"Nani alibuni hili?" Mkuu akauliza.

Daktari akamwonyesha Bi Nusu.

"Sikubuni, mkuu," alisema Bi Nusu. "Nilikosea."

Mkuu akasogeza mbele yake zile chupa mbili zenye vikundi vichache, na ndoo ya dawa.

"Basi kosea tena," alisema. "Hapa, nikiona. Ikitokea vilevile, binti huyu ana mwaka mwingine."

Bi Nusu akavaa glavu. Akainamisha chupa ya kwanza, akafyonza hadi nusu, na hapo mkono ukagoma wenyewe, umezoea. Akamgeukia Daktari. Daktari akaitikia kwa kichwa huku machozi yanamlenga, na Bi Nusu akavuta iliyobaki yote, hadi tone la mwisho.