Majina Saba ya Kibanja Chetu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka nikasahau jina langu, hiyo sitaisahau. Nilikuwa nimerudi Muleba kutoka Uskoti na diploma ya ujenzi, ya kwanza kuingia kijijini kwetu, na sioni haya kuitaja. Niliisomea kwa kuosha vyombo. Hakuna aliyenishika mkono.

Baba alifariki nikiwa huko. Ukoo ukakutana kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, kando ya makaburi, ili mrithi atangazwe. Kwetu mrithi husimama mbele ya wazee akajigamba, akiwataja baba zake hadi yule aliyefyeka msitu. Ndiyo kwebuga.

Nikasimama na suti yangu. Nikamtaja baba, babu, na baba wa babu, kisha giza. Badala ya kunyamaza, nikawasimulia ngome niliyokuwa nikijifunzia kukarabati mawe: kuta nene kuliko urefu wa mtu, mali ya ukoo wa makabaila waliopewa ardhi na mfalme kwa ushujaa wa vita. Mlinzi wake aliwataja kila asubuhi, nami nikawataja wote kumi na mmoja, baba kwa mwana, bila kumeza mate. Nikangoja vigelegele.

Baba mdogo Rwegasira akatema ganda la kahawa aliyokuwa akitafuna.

"Mwenye suti, hao ndio waliopanda migomba hii?"

"Hapana, tata."

"Basi nenda wakurithishe ngome yao."

"Na wakumenyee ndizi!" akadakia shangazi. Watu wakacheka mpaka rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikamwagika.

Hukumu ikatoka: nipewe muda hadi mavuno ya kahawa niwajue baba zetu wote. Nikishindwa, kibanja kiende kwa mdogo wangu.

Nilikasirika, mwanangu. Nusura nipande meli nirudi nilikotoka. Lakini mkataa kwao ni mtumwa, na mimi utumwa siuwezi. Nikavua suti, nikashika jembe. Baba mdogo hakunipa jina bure: nilipalilia kaburi na migomba iliyolizunguka, ndipo akaniambia nani amelala pale na alifanya nini. Mmoja alileta mibuni. Mwingine alikuwa mlevi, naye nikafundishwa kumtaja kwa heshima.

Mavuno yalipofika nikasimama tena, viganja vimechubuka. Nikawataja wote saba, hadi aliyefyeka msitu. Kisha, kwa kuwa mimi ni mimi, nikaongeza: "Na wa nane ndiye huyu, mwenye diploma!"

"Huyo wa nane ana kelele," akasema baba mdogo, akanikabidhi mkuki wa baba, na kibanja kikawa changu.

Juzi wamekuja watu na gari kubwa kutoka mjini, wanataka kujenga hoteli. "Mzee, hii si migomba tu?" Nikawasimamisha juani, nikawatajia majina saba moja moja, na kazi ya kila mmoja. Walipoomba kuondoka nilikuwa kwenye la tano. Sikuwaruhusu.

Sikwambii usiende ng'ambo. Nenda, soma, rudi na diploma mbili unizidi, ukiweza. Na ukiona ngome ya watu, iheshimu. Yule mlinzi hakukosea kujivunia iliyo yake. Ila kabla hujawataja makabaila wa wengine, jua ni nani aliyelala chini ya migomba iliyokulisha. Atakayekuja kukununua, msomee majina.

Mungu akupe kifua cha kuyatamka. Mgomba wako usikose chipukizi, na siku moja awepo wa kukutaja wewe wa tisa, kwa kelele kubwa kuliko zangu.