Presha ya Sina Neno

Karakanani walimwita Sina Neno, na jina hilo lilimkaa kuliko suti zote alizowahi kushona. Bosi akimrundikia nguo zilizoharibiwa na wengine, ayafute makosa yao kimyakimya, fundi hujibu, "Sina neno." Akinyimwa likizo, "Sina neno." Wenzake walimsifu: simba mwenda pole ndiye mla nyama. Kweli alikwenda pole. Nyama wakala wengine.

Presha, kila mtu alijua, ingemchukua mkewe. Mama huyo aligomba na jirani, akagomba na mlango, hata na kijiko kilichomponyoka. Akishagomba amemaliza, anacheka na kuuliza chai iko wapi. Mumewe alimhurumia sana. Ndiye aliyemsindikiza zahanati kupimwa, maskini, asije akaanguka njiani.

Mashine ikasoma 118 kwa 76, nzuri kuliko ya muuguzi mwenyewe. Mke akaikaripia kwamba ni mbovu. Ili kumtuliza, muuguzi akamfunga mume ule mkanda mkononi. 190 kwa 112. Akapima tena. Haikushuka.

"Baba, kichwa hakikuumi?"

"Kinauma, mwaka wa tatu sasa. Lakini sina neno."

"Unalo, baba. Limekukaa kwenye mishipa. Dawa utameza kila siku, chumvi utapunguza. Na hayo mengine unayoyameza, anza kuyatema. Kiharusi hakipigi hodi."

Mkewe, kwa mara ya kwanza tangu waoane, alikosa la kusema. Alimshika mkono njia nzima. Fundi hakuogopa zile namba. Aliogopa ule ukimya.

Asubuhi yake bosi akamwaga mashati arobaini mezani. Mpwa wake, fundi bingwa wa ukoo, alikuwa ameyashonea mikono ya kushoto pande zote mbili.

"Yafumue yote, kesho yatoke. Huna neno, sivyo?"

Damu ikamgonga masikioni. Miaka yote alidhani kumeza maneno ndio upole. Akauona tena akilini mkono wa mkewe ukiwa umeshika wake, akaweka mkasi chini.

"Leo ninalo."

Vyerehani vyote vikanyamaza.

"Ehe, neno gani?" bosi akauliza huku akicheka.

Fundi akamvutia kiti, akakipangusa vumbi kwa adabu zake zilezile.

"Keti, bosi. Ni la miaka ishirini na mbili."